Damu ya Siamanta

Jumatatu, 7 Machi 1994

Hiza tena! Mkuu wa maabara, miaka kumi na minane kazini, na bado anapima damu kama mtu anayeonja mchuzi. Leo ni Siamanta, mama wa Kimasai kutoka Misima, mimba ya nne. Wa kwanza alizaliwa mzima; wawili waliofuata walizaliwa njano, wakafa. Hiza katia tone la damu na tone la seramu ya kupimia kwenye kigae, kaenda kunywa chai. Karudi, pembeni pamekauka — kasema imegandana, Rh chanya. Kaandika. Kisha huyoo Kabuku, kwenye maabara yake binafsi. Soko huria!

Jumanne, 8 Machi

Nimerudia mwenyewe, kwa tyubu. Nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, mashine ya kuzungusha, darubini. Chembe zinaelea mojamoja. Hazina protini ya D kwenye utando wake, ile inayoifanya damu iwe chanya; seramu haina cha kukamata. Hasi.

Hiza kasema seramu imekufa, ya duka la dawa la Akber, imekaa nje ya friji. Nikapima damu yangu, ambayo ni chanya, kwa seramu ileile. Ikagandana kama maziwa yaliyokatika. Hakutazama. Kawaambia wauguzi mimi nina cheti tu, kazi anaijua yeye.

Namchukia. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 10 Machi

Siamanta kaletwa alfajiri, anatoka damu nyingi. Koisaba, mumewe, katoa chupa ya damu — O chanya. Fomu ya Hiza inasema Siamanta naye ni O chanya. Nimeizuia mlangoni mwa wodi. Hiza kanivuta mkono. Daktari Habakuki katokea wodini.

"Daktari, mwili wake umeshaijua D kwa wale watoto," nikasema. "Tukimtia hii, utaishambulia. Atakufa."

Kaja maabara, kainamia darubini. Kisha kalikata jibu la Hiza kwa kalamu nyekundu.

Halafu? Nimepima ndugu sita wa Koisaba. Wote chanya. Midomo ya Siamanta myeupe. Nikafungua daftari la wachangiaji. O hasi ni mmoja tu, kajiandika kwa mkono wake: Hiza.

Saa nne. Hiza kakaa dirishani, kanipa mgongo. Daktari kamwomba, katazama nje. Koisaba kaingia, hajui ugomvi wetu, kamwamkia shikamoo mzee. Hakuitikia.

Nimeweka chupa tupu na sindano karibu na kiwiko chake. Anafungua kifungo cha mkono wa shati — anakifunga tena.