Sauti ya Baba Bado Inasubiri

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatano, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu, Profesa,

Hujambo? Kile kifua kimepona? Sisi wazima, ila mimi situlii. Nimeianza barua hii mara tatu, na kila mara nainuka kuichungulia simu ya Baba.

Upasuaji wa koo la Baba ulikwenda salama. Uvimbe umetolewa, na sauti imekwenda nao. Daktari alituonya mapema, ndiyo maana siku moja kabla, Baba alijifungia chumbani akakurekodia ujumbe wa sauti kwa ile programu yako ya kutumiana ujumbe.

Sasa nisikilize, maana nina hasira na wewe. Toleo lake la kwanza lilitutaka tuwe chini ya paa moja. Tukacheka, si bora tuitane tu! La pili likafika hadi huko uliko, lakini sharti simu zote mbili ziwe hewani kwa wakati mmoja. Ukajigamba kwamba hakuna kampuni katikati ya kutuchungulia. Kweli hakuna, bwana, na hata wa kutupokelea mzigo hakuna! Sisi tukiwasha, wewe umezima. Leo siku ya kumi na mbili, ujumbe haujaondoka.

Binamu yetu fundi simu anasema la tatu ni zuri, simu za ndugu zinatunziana ujumbe hadi mwenyewe atokee. Akataka kuliweka papo hapo. Lakini halibebi ujumbe uliofungwa na la pili, lingeufuta huu wa Baba! Nilimpokonya simu, nusura tugombane. Na betri yenyewe imevimba, haikai bila waya. Subira nimeijaribu, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo.

Namba yako haipatikani, na programu nyingine ulizifuta kwa kiburi chako. Jirani yetu muuguzi anasafiri kesho kuja huko, atakuletea barua hii mkononi. Tafadhali, Jumamosi washa simu asubuhi na usiizime kutwa. Mimi nitakuwa nimekaa na ya Baba.

Nilijaribu kuusikiliza ujumbe wenyewe, ukagoma. Unafunguka kwenye simu yako tu. Nikamuuliza Baba alisema nini. Akaandika kwenye daftari: "Ni wake." Roho iliniuma, sikufichi.

Msalimie mkeo na wale mapacha. Mama mdogo anakusalimu, fundi pia, ingawa kaninunia. Baba anakupungia mkono. Mungu akulaze salama na akuamshe mapema, hasa Jumamosi.

Ukishausikia, nipigie uniwekee na mimi nisikie, hata sentensi moja. Nimeishi naye miaka yote hii, na sikukumbuka kumrekodi.

Wako akupendaye,
Dada yako.