Roketi ya Baba Neema

Ijumaa, Kahama

Nimenawa mara mbili na mikono bado inanuka baruti. Kesho shuleni kuna sherehe ya safari za binadamu angani, na mume wangu amejitolea kurusha roketi. Ameitengeneza kwa bomba la maji, akalijaza baruti ambayo yeye na wachimbaji wenzake wanapasulia mwamba kwenye duara, shimo lao la dhahabu. Binti yetu Neema ndiye atakayewasha utambi.

Nilimwambia, "Baba Neema, hiyo itaua watoto."

Akacheka. "Inapasua mwamba, ishindwe kurusha kibomba? Kama mwoga, baki nyumbani."

Alipokwenda kuoga nikaifungua roketi, nikaimwagia baruti maji mpaka ikalowa chapachapa, nikaifunga kama ilivyokuwa.

Uwanja mzima utamcheka, na atajua ni mimi. Sijui atanifanya nini. Naogopa.

Neema amelala, mikono yake yote miwili chini ya shavu.