Sindano na Ndoana

Tarehe 4 Machi, mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo, na goti lile je? Mimi mzima, ila chumba ni baridi na wa kuongea naye sina.

Hapa maabara tumejenga mto wetu kwa saruji, sentimita moja kwa kila mita, tujue bwawa jipya litafanya nini. Kazi yangu ni kubuni vifaa vya kupima kimo cha maji: sindano inashushwa taratibu hadi iguse uso wake. Mahali pa nyumba yetu nimeweka kibao kama kiberiti. Jana tulilijaza bwawa. Maji yalipita madirisha. Hama, tafadhali.

Kaka yako

Tarehe 9 Aprili

Shikamoo Kaka,

Goti linalia kama mlango, lakini natembea. Watu wakiniuliza kazi yako nasema unapima maji kwenye beseni. Wanacheka hadi basi. Sasa beseni ndilo linalonihamisha? Majirani wote wameshachukua viwanja mlimani. Mimi bado nafagia chumba chako. Ulisema ukistaafu utarudi. Nikihama, utabisha hodi wapi? Pima tena. Huenda sindano yako inadanganya.

Mdogo wako

Tarehe 22 Mei

Marahaba, mdogo wangu,

Lipake goti mafuta, usilidharau.

Umenikumbusha kazi. Sindano inadanganya kweli: ikikaribia, maji huirukia kabla haijafika, kama mtoto aliyemwona mama yake, nayo husoma juu kuliko maji yalivyo. Nikabuni ndoana, inayozama kwanza, kisha hupandishwa hadi ncha ikaribie kutoboa uso wa maji kutoka chini. Niliichonga kwa matumaini mengi kuliko inavyomfaa fundi. Kipimo cha maji kilishuka unene wa sarafu. Kwenye mto halisi ni shubiri moja. Madirisha bado yamezama.

Kaka yako

Tarehe 30 Juni

Shikamoo Kaka,

Natumaini umepata mtu wa kuongea naye. Shubiri si haba. Kiwanja cha mwisho kinagawiwa mwezi ujao, lakini sitaki kuhama peke yangu. Nakusubiri hapa hapa, tuhame wote.

Mdogo wako

Tarehe 11 Julai

Mdogo wangu,

Afya yangu njema, usiihofie. Kile kibao nimekitoa majini, kinakauka mezani kwangu.

Chukua kiwanja hicho, usiningoje hadi maji yakukute. Jenga chumba kimoja, chako, dirisha lielekee jua. Usinitengee kitanda. Sitarudi.

Kaka yako