Lango la Mfereji na Kerneli Niliyoitengeneza

Jumatano, 5 Februari 2025

Leo Akheri nzima imenijua! Elinipa, binti wa kaka yangu, fundi kompyuta wa Moshono, ametuwekea lango la chuma kwenye mfereji. Linaendeshwa na mota na kakompyuta kadogo kama kipande cha sabuni. Kufungua, safi. Kufunga — mara linatii, mara kiziwi! Mzee Naftali, mwenyekiti wa mfereji, kacheka. Kasema mkutanoni, Jumamosi likikataa tena, linang'olewa, na binti asirudi na vidude vyake.

Nikasimama. Nikasema lijaribiwe juu ya miche yangu mipya ya kahawa! Mimi niliyezuia mafuriko kwa mgongo, nishindwe na sabuni?

Mke wangu Fransiska kanikanyaga mguu.

Alhamisi, 6 Februari

Elinipa anasema lango ni zima. Kosa liko kwenye kerneli — ndiye bosi ndani ya kompyuta, analaza programu na kuziamsha. Ishara ya "funga" ikija wakati programu ndiyo inajilaza, bosi anaipokea, haamshi mtu.

Nikamwambia huyo bosi hajui zamu ya maji! Kwanza unamwambia jirani, nalala, uniamshe. NDIPO unachungulia mfereji mara ya mwisho. Ukianza kuchungulia, maji yanafika hapo katikati, jirani anadhani uko macho, hakuiti. Yamepita!

Elinipa kaacha chai. "Ba'mdogo, hebu rudia."

Kageuza mistari miwili ya kerneli, wa juu ukawa chini. Miwili tu! Kerneli nimetengeneza mimi, yeye kachapa.

Ijumaa, 7 Februari

Lango limetii kutwa! Nimetangaza mpaka Daraja Mbili. Elinipa ananisihi ninyamaze, kosa la aina hii hujificha hata siku nzima.

Nimeshatangaza.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika hapa hapa ukingoni. Watu wamejaa! Lango wazi, maji yanashuka kwa kishindo, yameshalowesha mstari wa kwanza wa miche. Naftali kakunja suruali, anangoja kucheka. Fransiska kahamishia mbuzi juu, wala hakuniuliza.

"Bonyeza wewe, Ba'mdogo," anasema Elinipa. "Si umetengeneza wewe?"

Nimemwambia angoje, naandika historia.

"Maji hayangoji historia!"

Mstari wa pili umelowa. Nimeweka kidole kwenye kitufe. Nimebonyeza — lango limeshuka, kishindo kimekatika, Naftali anakunjua suruali!