Mama, Ule Mkono Niliuteremsha Mimi

Shikamoo, Mama.

Nimeandika hivyo halafu nikatulia kidogo, kama nasubiri uitikie. Mazoea hayo. Mwaka wa pili huu tangu ututoke, na bado nikipika najikuta nimeshika simu nikuulize kiasi cha chumvi.

Nina jambo la kukuambia na nimelizungukia muda mrefu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila mara naanza na habari za baridi ya huku. Leo sizunguki. Ni habari ya ile siku ya mgahawa wa Kijapani, ule wa sushi, hapa hapa mtaani kwetu Merrylands, ulipokuja kututembelea huku ughaibuni.

Nilikuwa nimepandishwa cheo kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Wenzangu wakaniandalia chakula cha mchana siku ya Jumamosi, nikasema lazima Mama aje. Nilitaka wakuone. Hilo ni kweli kabisa, ukavaa lile dera la zambarau na mtandio wake, nikatembea nawe barabarani naringa. Wiki nzima nilikuwa nimekufundisha kushika vile vijiti vyao vya kulia. Mlifanya mazoezi na ubwabwa wa nazi, wewe na Salma mwanangu, punje zikaruka mpaka kwenye zulia, ukasema, "Mjukuu wangu, kwa mwendo huu mimi na wewe tutakufa njaa na sahani imejaa." Tulicheka mpaka machozi.

Halafu pale mlangoni. Wale vijana wa mgahawa wana desturi ya kumkaribisha kwa sauti kila anayeingia, wote kwa pamoja, mpaka walioko jikoni. Wewe ukasimama, ukaweka mkono kifuani, ukawaitikia, "Marahaba, wanangu, marahaba." Wenzangu wakafurahi kweli. Mimi nikaanza kuona aibu hapo hapo.

Mgahawa ulijaa, watoto wanapiga kelele, watu wanacheka, visahani vinapita mbele yetu juu ya mkanda unaojiendesha. Ukaniuliza kama chakula kinajitembeza chenyewe kwa sababu wapakuaji wamegoma. Ukamnusa samaki, mtu wa Tanga wewe, ukasema, "Hajaonja hata moshi, lakini ni wa leo." Kisha msichana akatuletea vitambaa vya moto vya kufutia mikono. Ukafuta kidole kimoja kimoja, ukaniambia hawa watu wamelelewa, wanamnawisha mgeni kabla ya kula. Na kwako wewe, mtu akishanawishwa kuna cha kuuliza tena? Ukaweka vijiti pembeni, ukasema bismillahi, ukachukua lile tonge la wali na samaki wake kwa vidole vitatu. Safi kabisa, hata punje haikudondoka.

Nami nikakushika mkono nikauteremsha mezani.

Mbele ya watu, Mama. Nikakuambia kwa sauti ya chini, "Siyo hapa jamani, wanatuangalia." Hakuna aliyekuwa anatuangalia. Bosi wangu ndiye aliyegeuka, tena kwa sababu yangu mimi. Nikacheka kile kicheko changu cha kazini, nikamwambia kwa Kiingereza asijali, ndivyo wanavyokula kule kijijini kwao. Kijijini! Mtu wa Ngamiani, Tanga mjini, uliyepika kwenye harusi za nusu ya mji. Na hata ungetoka kijijini, ingekuwaje? Neno lile la kijiji unalijua hata kwa Kiingereza. Ulinitazama mara moja tu. Ukalirudisha tonge kwenye kisahani, ukajifuta vidole, ukasema, "Nimeshiba, mwanangu." Hukuwa umekula kitu.

Ungenigombeza ningepona. Ila kuanzia siku ile mpaka unaondoka, wiki tatu nzima, ulikula kwa kijiko. Hata ugali, Mama! Ugali na mchicha kwa kijiko, nyumbani kwangu, umekaa wima kama mtu aliyeitwa kwenye usaili. Salma akakuuliza kwa nini, ukamwambia kula kwa mkono siyo adabu. Nilikuwa kwenye sinki nimewapa mgongo. Nilisikia, nikafungulia bomba kwa nguvu zaidi.

Nilijiambia nitakuomba radhi uwanja wa ndege. Uwanjani tukahangaika na mizigo. Nikasema nitapiga simu. Nilipiga, tukaongea habari za presha yako na za mvua. Kisha siku moja kaka akapiga yeye. Mpaka napata tiketi ulishazikwa, na ndivyo dini inavyotaka, simlaumu mtu. Nilifika nikakuta wanawake wamekaa mkekani, sinia liko katikati, mama mdogo akanivuta nikae nile. Mikono yote ikaingia kwenye sinia. Wangu haukunyanyuka. Wakadhani ni majonzi, na yalikuwa majonzi, lakini siyo hayo tu.

Sasa sikiliza kilichonifanya niandike. Jumamosi iliyopita Salma alitimiza miaka tisa, akachagua mgahawa ule ule. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ile. Tukakaa kaunta, mbele ya mpishi, mzee wa Kijapani mwenye maneno mengi. Salma akahangaika na vijiti, kipande kikamponyoka mara mbili. Mzee akacheka, akamtengenezea kingine, akamnyooshea mkononi. Akamwambia hiki huliwa kwa vidole, hata yeye mpishi, baba yake mzazi alikila hivyo. Salma akaficha mikono nyuma. Akamjibu kwa Kiingereza chake, kwa heshima zote, kwamba hapana, asante, bibi yake alimfundisha kuwa kula kwa mkono ni kukosa adabu.

Bibi yake. Wewe! Umelala huko kaburini na bado unabeba lawama yangu.

Na nisijidanganye kwamba kosa langu lilikuwa kutojua desturi za Wajapani. Siku ile, meza ya pili kutoka yetu, walikuwepo mzee mwingine wa Kijapani na mkewe wanakula kwa vidole. Niliwaona. Niliwaona kabla sijakushika mkono. Wao sikuwaonea aibu. Nilikuonea aibu wewe. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata baba yake Salma.

Nikakigeuza kiti cha mtoto anitazame. Nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, maana nilitaka asikie kila neno. Bibi hakukosea. Bibi alikaa hapa hapa akashika chakula vizuri kuliko sisi sote, mimi nikamzuia, kwa sababu nilitaka wale watu wanione na mimi mtu. Yale ya adabu aliyasema kunisitiri mimi. Salma akakunja uso. Unamjua akifikiri, kakurithi wewe. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza, kama nilikuomba msamaha.

Nikamwambia, "Bado."

Basi nakuomba sasa. Nisamehe, Mama. Nisamehe ule mkono, nisamehe lile neno, nisamehe na zile wiki tatu nilizokuona na kijiko nikajifanya sioni. Kama ningekuwa na ujasiri wa mtoto wa miaka tisa ningekuomba ungali hai, ukaninunia siku mbili, ya tatu ukacheka.

Mungu akurehemu, akupe raha huko uliko. Nakuaga hapa, maana nikiendelea nitaanza kujitetea. Naahidi Salma hatasema tena kwamba wewe ndiye uliyemfundisha vile. Na Jumatatu nikiingia kazini nitawaambia wenzangu, nikianzia na bosi, kwamba mama yangu ni mtu wa mjini, mpishi, na kwamba kwenye sherehe yangu aliondoka mezani na njaa kwa ajili yangu.

Mwanao