Zuleha Aliyegeuka

Jaipur, 4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua tu kinabana kwa baridi. Presha yako inaendeleaje? Na mdogo wangu Feisal bado anachezea simu dukani badala ya kuuza vitenge?

Kitochi chako hakipokei picha, basi nakutumia ya mkono. Ndiyo kazi ninayojifunza huku: picha ndogondogo za wanawake, kwa brashi ya manyoya ya kindi. Nimejichora mwenyewe, nimekaa juu ya zulia. Mwalimu anasema mafundi wa Kihindi wa zamani walipenda kumchora mwanamke kwa upande, jicho moja kubwa. Walipokuja mafundi wa Kiajemi, uso ukaanza kugeuka, ukawa wa mviringo, nyusi nyembamba, mdomo mdogo. Mimi nimejichora kwa upande. Mwalimu anasema wa upande ana shughuli zake. Aliyegeuka ameshasikia mtu anamwita.

Mwanao,
Zuleha

Mpanda, 19 Machi 2024

Mwanangu Zuleha,

Marahaba. Presha ipo palepale, namshukuru Mungu. Picha imefika. Sikuitundika, unajua sipendi sura ukutani ninaposwali. Nimeifunga kwenye kanga, iko sandukuni, kila asubuhi naitoa nikuangalie. Umependeza, ila macho yote mawili yananitazama kama nimekudokolea mboga. Na mdomo umeubana mno, wewe na maneno yako yote.

Juzi nafungua kanga, nikasikia, "Shikamoo mama." Nikaitika kabla sijafikiri. Nilikuwa peke yangu. Nilicheka mwenyewe.

Mama yako

Jaipur, 17 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Jicho nilichora moja. Sikio moja, hereni moja. Nilipomtafsiria mwalimu barua yako aliweka brashi chini, hakufundisha tena siku ile. Mama, wewe ndiye uliyetukataza tangu wadogo kuitikia sauti ya usiyemwona. Imekuwaje ukaitika? Ifunge hiyo picha, usiifungue mpaka nije.

Mwanao,
Zuleha

Mpanda, 3 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Afya nzuri.

Nilijaribu kuifunga, nikashindwa. Miaka mitatu sijakuona, halafu nikufungie sandukuni? Sasa kwenye picha umegeuka kabisa, pua iko katikati. Feisal alipoona alibeba nguo zake, yuko Kasokola kwa baba yenu mdogo. Mimi sijaogopa. Nakuwekea wali, sahani narudisha tupu. Nimekosa nini nikimwitikia mwanangu?

Mama yako

Jaipur, 6 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Hali yako?

Naogopa, nasema wazi. Nimekupigia mara nne. Anapokea mwanamke, anaitika kwa sauti yangu, halafu simu inakatika. Nimeacha masomo. Nitafika Jumatano, tarehe 18 Septemba, kwa treni ya kutoka Tabora. Tafadhali usimwitikie tena. Mwanao ni mimi ninayeandika barua hizi. Nisubiri mimi.

Zuleha wako

Mpanda, 9 Agosti 2024

Kwako unayeandika,

Sisi huku wazima. Shikamoo yako sikuitikia, usinielewe vibaya. Mwenyewe umeniambia nisimwitikie nisiyemwona.

Zuleha wangu amerudi. Jumatatu nimetoka kuswali, nikakuta kwenye picha limebaki zulia tu, na yeye yuko jikoni anaosha mchele. Amekuwa mkimya sana. Ukimwita anageuka taratibu, lakini anageuka. Presha yangu imeshuka. Nina furaha ambayo sikuipata tangu uondoke. Tangu aondoke, nilitaka kuandika.

Barua zako nimemsomea. Anasema hakujui.

Usipande hiyo treni. Stesheni hakuna wa kukupokea, na chumba kina mwenyewe. Naona unaandika kwa uchungu, bila shaka na wewe una mama mahali anakungoja. Mtafute.

Mama Zuleha