Jumamosi za Barabara ya Iringa

Jumamosi, 3 Desemba 1994
Tumeokota takataka tena barabara ya Iringa. Tulikuwa saba, wote wa kujitolea. Mifuko ya nailoni tu siku hizi. Tangu maduka yajae bidhaa, kila mwiba una mfuko wake. Mgongo unauma.
Mama Sechelela kaja na ufagio wake wa chelewa. Miaka mingi alifagia barabara hii hii kwa mshahara. Mwezi wa nane manispaa ikampunguza kazini, yeye na wafagizi wenzake wote. Sasa anafagia bure pamoja nasi. Anaamini wakubwa wakimwona watamrudisha.

Jumatano, 7 Desemba
Nimepeleka ofisi ya manispaa barua ya kuomba magunia. Bwana afya kafurahi mno. "Mwalimu, mmetuokoa. Tuajiri wafagizi wa nini tena, na ninyi mpo?"
Nikacheka naye. Nimejichukia njia nzima.
Jumamosi nitamwambia Mama Sechelela.

Jumamosi, 10 Desemba
Sikumwambia. Alikuwa anaimba.

Jumamosi, 17 Desemba
Juzi mvua kubwa. Watu wamekwenda mashambani kupanda. Barabarani tulikuwa watatu.
Nikamuuliza, mama, wewe hupandi? Kaka yake kamwachia kipande cha shamba kule Mvumi. Akasema, "Nikiondoka sasa, wakiita watu kazini watanikosa."
Nikainama, nikaokota mfuko mwingine. Mwoga mimi. Mwoga kabisa.

Jumamosi, 14 Januari 1995
Leo nimemwambia. Tulikaa kwenye kalavati, magunia pembeni. Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Umejua tangu lini, mwalimu?"
Tangu kabla ya Krismasi, nikasema.
Akauvuta ufagio wake karibu. Kisha, "Ungeniambia siku ile, mwanangu. Ningepanda na wenzangu."
Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 17 Januari
Baada ya vipindi nilikwenda kwake Chang'ombe. Chumba kitupu. Mwenye nyumba anasema aliondoka Jumapili na basi la Mvumi, jembe mkononi.
Nilikuwa nimembebea mbegu za mtama. Sijui nilidhani nini. Mbegu, Januari imepita nusu.

Jumamosi, 11 Februari
Jua. Wiki ya tatu bila tone.
Asubuhi nilimkuta mpwa wake stendi. Mtama wa wenzake umefika kifuani. Wa mama umekauka ukiwa urefu wa kidole. Sasa mama anakata kuni za kuuza. Nikauliza kama ananisema vibaya. Hapana, akasema, shangazi anakusalimu sana.
Nikaenda barabarani, nikaokota upande wangu. Saa nne bwana afya kaja na barua ya shukrani. Akaisoma kwa sauti, tumesimama juani. Jina langu limetangulia.
Wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.